Anayemleta mtoto kliniki aulizwe na mkono wake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalowahusu wanaopeleka watoto kliniki. Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Kila safari huning'inizwa kwenye mizani, uzito huandikwa kwenye kadi, na mstari ukipanda mama hupongezwa. Ni haki yake. Ila uzito uleule unaopanda kwenye kadi unapanda pia juu ya magumba ya anayembeba mtoto, na ni ndani ya wiki hizohizo ndipo maumivu ya kano za kifundo cha mkono huwaanza wengi. Mama humtoa mtoto kwenye mizani huku amekunja uso, humvalisha kwa kutegemea mkono mmoja, anaondoka. Hajaulizwa, naye hasemi, maana amekwisha kuambiwa kwamba uzazi una maumivu yake.

Tunachoomba ni swali moja: "Ukimnyanyua mtoto, mkono unauma upande wa gumba?" Akijibu ndiyo, basi yapo ya kufanya siku hiyohiyo, na mengi hayana gharama. Asipoulizwa, huja hospitali miezi mitano baadaye akiwa amechuliwa kwa nguvu, amefungwa bendeji isiyoshika gumba, na pengine amepimwa damu kutafuta gauti asiyo nayo.

Maumivu haya si mageni. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza mwaka 1895, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye faili hadi leo. Kabla yake vitabu vya anatomia vya Uingereza vilikuwa vikiyaita mteguko wa wafua nguo. Jina hilo la kale linatufaa sisi zaidi, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi anayemnyanyua mtoto na anayekamua nepi ni mtu mmoja.

Msomaji ajiangalie mkono. Uweke mezani kwa ubavu, gumba likiwa juu, kama unayetaka kumpa mtu mkono, kisha linyooshe gumba kuelekea dari. Kwenye kifundo patatokea kishimo kidogo kati ya kamba mbili. Ile kamba ya upande wa kiganja kwa kweli ni kano mbili zinazokwenda pamoja: moja hulitoa gumba mbali na kiganja, nyingine hulinyoosha. Zote mbili hupita juu ya kifupa kinachochomoza upande wa gumba, zikiwa zimefunikwa na mkanda mgumu usiovutika. Hapo pana njia nyembamba, na kano zina ala yake ya kuteleza ndani yake. Gumba likitanuliwa huku kifundo kikipinda, kano huvutwa na kukunjwa kwenye kona ya njia hiyo kwa wakati mmoja. Jambo hilo likirudiwa siku nzima, ala hunenepa, njia hubana, na kila mwendo wa gumba huwa ni kamba nene kupitishwa kwenye tundu dogo.

Tunasema ala hunenepa, kwa sababu ndivyo hadubini inavyoonyesha: tishu iliyochakaa na kujaa utelezi kuliko uvimbe wa moto kama wa jipu. Ndiyo maana vidonge vya maumivu peke yake havimalizi kazi. Vinapunguza kelele, njia inabaki imebana.

Kwa mama aliyejifungua karibuni kuna nyongeza: maji yaliyojaa mwilini tangu ujauzito na mabadiliko ya homoni hufikiriwa kuongeza ule unene. Lakini mzigo wenyewe si wa kudharau. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika kilo 6 hivi karibu na mwezi wa tano, na akitimiza mwaka huwa mara tatu ya uzito wa kuzaliwa. Mtoto wa kilo 5 akinyanyuliwa mara 30 kwa siku, hizo ni kilo 150 zilizopita juu ya kano nyembamba kuliko penseli. Baba, bibi na dada wa kazi hawana homoni za uzazi, na wanaugua vilevile.

Mkao unaoumiza ni ule wa kumshika mtoto kwapani: magumba mbele ya kifua chake, vidole vinne mgongoni, mkono umefanya herufi L, kisha unamvuta juu. Uzito wote unaning'inia kwenye gumba lililotanuliwa, na kifundo kinapinda kwenda upande. Karibu kila mtu hunyanyua hivyo kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Kwa mwenye kano zinazouma, hii ndiyo tabia ya kwanza kuachwa, kabla ya dawa yoyote.

Namna ya kunyanyua ni hii. Msogelee mtoto mpaka kifua chako kimkaribie, usimfuate kwa mikono iliyonyooka. Kama yuko kitandani, weka goti moja juu ya kitanda. Kama yuko chini, piga magoti. Mgeuze kidogo kwa ubavu. Pitisha kigasha kizima, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, chini ya makalio yake, kiganja kikiangalia juu, na mkono wa pili upitie nyuma ya shingo na mabega. Gumba lilale sambamba na vidole vingine, limefungwa, kama unayechota unga kwa kiganja. Mvute mpaka agusane na kifua chako ndipo unyanyuke kwa miguu. Uzito uwe juu ya vigasha na viwiko vilivyokunjwa. Gumba lisiwe na kazi yoyote. Kwa mtoto anayeweza kusimama akishikilia, mwache apande mwenyewe kwenye kiti kifupi au kwenye paja lako, halafu umkumbatie kwa mkono chini ya makalio.

Wanaojifunza njia hii hukosea mahali pawili. Wanachota vizuri mchana, lakini usiku wa manane mtoto akilia wanarudia kwapani kwa usingizi. Na wanachota vizuri, kisha wanamlaza kwa L, wakisahau kwamba kumshusha ni mzigo uleule kwa upande wa kurudi. Mshushe ukiwa umeinama naye kifuani, makalio yaguse godoro kwanza, ndipo utoe mkono mmojammoja.

Kunyonyesha kunaumiza kimyakimya. Mama hukishika kichwa cha mtoto kwa kiganja, kifundo kimekunjwa kuelekea ndani, gumba limetanuliwa nyuma ya sikio, dakika 20 au zaidi bila kusogea, mara nane au kumi kwa siku. Akiwa na simu, mkono wa pili gumba linapanda na kushuka kwenye kioo. Mikono yote miwili inaumia huku mtu akidhani amepumzika. Weka mto, au kanga mbili zilizokunjwa nene, juu ya mapaja mpaka mtoto afike kwenye ziwa bila kunyanyuliwa. Kichwa chake kilale kwenye kigasha au kwenye kona ya kiwiko. Kifundo kiwe kimenyooka kama unavyoshika kikombe. Badilisha mikao: mara moja mtoto awe mbele, mara nyingine apitie chini ya kwapa lako miguu ikielekea nyuma, mara nyingine mama na mtoto walale kwa ubavu wakitazamana. Simu iegemezwe mahali, iguswe kwa kidole cha shahada.

Mbeleko tunaitetea. Mtoto aliyefungwa vizuri mgongoni ameondoka mikononi, na hiyo ndiyo nafuu ambayo kano zinaitaka. Afungwe akiwa anaweza kushika shingo, magoti yake yakiwa juu kidogo kuliko makalio na mapaja yamekumbatia mgongo, uso haukufunikwa. Ugumu uko kwenye kumfikisha mgongoni na kukaza fundo. Kumrusha mtoto mgongoni kwa kushika mkono wake mmoja ni hatari kwa mkono wake na kwa wako. Kaa ukingoni mwa kitanda, mtu mwingine amweke, nawe ukaze. Na ukikaza usibane pindo kati ya gumba na kidole ukavuta. Zungusha pindo la kanga kwenye kiganja chote kisha uvute kwa kiwiko, au funga begani fundo likazwe na mwenzako.

Nguo nazo. Kukamua ndiko kunakoua kano: ngumi imekaza, kifundo kinasokotwa kwenda upande wa kidole kidogo, gumba limebana. Kwa wiki sita hivi nepi zisikamuliwe kwa kusokota. Zibonyeze kwa kiganja kwenye ukuta wa beseni, au zizungushe kwenye bomba au mti wa kamba na kuvuta ncha mbili kwa mikono yote, au zianike zikichuruzika. Jua la kwetu linazimaliza. Fua mafungu madogo ya nguo nne au tano kuliko beseni zima mara moja. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: ijazwe nusu, au ibebwe na mwingine. Kusonga ugali, sufuria ishikwe na mtu au ifungiwe pembeni, mwiko ushikwe kwa mikono miwili, mpini ukiwa umeviringishiwa kitambaa uwe mnene, maana mpini mwembamba hulazimisha gumba libane zaidi. Kukuna nazi kwa mbuzi kusimame kabisa mpaka maumivu yaishe. Nazi ikunwe sokoni kwa mashine.

Sasa kipimo, kwa wauguzi na kwa msomaji. Kwanza bonyeza kile kifupa upande wa gumba, mikono yote miwili, ulinganishe. Mwenye tatizo hushtuka, na pengine pana kivimbe kigumu kama punje ya hindi. Pili, mwambie anyanyue gumba huku unalizuia kwa kidole chako, linauma palepale. Tatu, alikunje gumba ndani ya kiganja, alifumbate kwa vidole vinne, kisha apinde kifundo taratibu kuelekea kidole kidogo. Maumivu makali juu ya kifupa yanaelekeza kwenye tatizo hili. Apinde mwenyewe, polepole, aishie yanapoanza. Kumshika mtu ngumi na kumpinda kwa nguvu ni ukatili usio na faida. Kipimo hiki cha tatu watu wengi hukiita cha daktari Finkelstein, aliyeandika mwaka 1930, lakini ngumi yenye gumba ndani ilielezwa na daktari Eichhoff miaka mitatu kabla. Kwa Finkelstein mpimaji ndiye hulishika gumba na kulivuta. Tunalitaja hili kwa sababu ngumi ya Eichhoff huuma kidogo hata kwenye mkono usio na tatizo. Ndiyo maana hakitoshi peke yake, na ndiyo maana kulinganisha mikono miwili ni lazima.

Picha ya eksirei haihitajiki kama hakuna aliyeanguka. Kama aliangukia kiganja na panauma ndani ya kile kishimo, basi apigwe picha, maana kuna kifupa chini yake kinachovunjika bila kuonekana kirahisi na kikiachwa hakiungi. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayoamsha usiku ni neva iliyobanwa katikati ya kifundo, jambo jingine linalopenda wajawazito na waliojifungua. Mchomo wa kama umeme mgongoni mwa gumba ni neva ya juujuu, na mara nyingi chanzo ni saa, bangili au sapoti iliyokazwa. Bibi anayelea mjukuu akiumia kwenye shina lenyewe la gumba, chini ya kifundo, hasa akifungua kifuniko cha chupa, pengine ni kiungo kilicholika. Vidole vya mikono yote vikiwa vimevimba na kukakamaa zaidi ya saa moja kila asubuhi, mama apimwe baridi yabisi, maana inajulikana kuanza au kurudi baada ya kujifungua. Na mkono ukiwa mwekundu, wa moto, umevimba, na mtu ana homa, aende hospitali leo: maambukizi ndani ya ala ya kano hayasubiri kesho.

Akithibitika, jambo la pili baada ya kubadili unyanyuaji ni sapoti. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sapoti ya kawaida inayozunguka kifundo na kuacha gumba nje haifanyi kazi hii, kwa kuwa kano zinazouma ni za gumba. Bendeji ya mpira ni hivyohivyo. Mwombe muuzaji wa vifaa tiba sapoti yenye bamba gumu linalopanda mpaka kwenye gumba. Ikivaliwa, kifundo kiwe kimeinuka kidogo nyuma, nyuzi 15 hadi 20, gumba liwe limetoka mbele ya kiganja kama linalotaka kushika glasi. Kiungo cha mwisho cha gumba, karibu na ukucha, kiwe huru kujikunja, na vidole vinne vifunge ngumi bila kuzuiwa. Kidole kidogo cha mkono wa pili kiweze kupita chini ya mkanda. Ukucha ukigeuka rangi, au mgongo wa gumba ukiingia ganzi, legeza. Ikiendelea, bamba limekaa juu ya neva na linahitaji kupindwa.

Pasipo sapoti dukani, hospitali ya wilaya yenye plasta inaweza kutengeneza nusu-plasta inayovuliwa: pamba kwanza, kisha tabaka 8 hadi 10 za plasta kutoka chini ya kiungo cha mwisho cha gumba hadi nusu ya kigasha, ubavuni upande wa gumba, ishikwe na bendeji. Muhimu ikatwe iwe ya kuvulika. Plasta ya kuzunguka haimfai mtu anayeogesha mtoto.

Ivaliwe mchana na usiku kwa wiki tatu hadi nne. Ivuliwe mara tatu au nne kwa siku, kwa kunawa, kumwogesha mtoto, na kulichezesha gumba kidogo lisikakamae. Kumwogesha mtoto na sapoti iliyolowa ni hatari: mikono huteleza, na kitambaa kibichi kikikaa juu ya ngozi katika joto la pwani huleta upele na uvundo ndani ya siku mbili. Vaa soksi nyembamba iliyokatwa ncha chini yake, na uwe nazo mbili za kubadilisha. Soksi nyingine juu ya bamba humkinga mtoto asikwaruzwe. Baada ya hapo, wiki mbili za usiku tu na za kazi nzito, halafu ikae kabatini. Wanaoivaa miezi mitatu mfululizo hutoka na gumba dhaifu na gumu. Na ambao mkono mmoja umefungwa, wa pili ukachukua kazi yote kwa L ileile, hurudi na mikono miwili.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, hutuliza. Parasetamoli ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7, inaruhusiwa kwa anayenyonyesha, kwa kuwa kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au ujauzito mpya. Na aliyepata kifafa cha mimba au mwenye presha iliyo juu amwulize daktari kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki zisichanganywe, ni ndugu moja, madhara huongezeka na nafuu haiongezeki. Jeli ya diklofenaki ipakwe mtoto akiwa amekwisha kunyonya, na isikae mahali anapoweka mdomo.

Dawa za kuchua tunaziogopa zaidi ya watu wanavyodhani. Kwanza kwa mama: kuchua kwa nguvu juu ya kifupa ni kusugua ala iliyokwisha kunenepa kwenye mfupa, na kesho yake huwa pamevimba zaidi. Kukandwa kwa maji ya uvuguvugu, kama ilivyo desturi ya mzazi, hakuna ubaya ili mradi hakuna kubonyeza wala kuvuta gumba mpaka lilie. Pili kwa mtoto: marhamu nyingi za kuchua zina kafuri, ambayo wengi huiita karafuu maiti, pamoja na mentholi. Kafuri ikilambwa na mtoto mchanga yaweza kumletea degedege, na mentholi karibu na pua yake yaweza kumbana pumzi. Mkono huohuo uliopakwa ndio unaoshika chuchu na uso wake. Zisitumike kabisa kwenye mkono unaolea.

Wiki nne hadi sita zikipita bila nafuu ya kueleweka, au kama tangu mwanzo mtu hawezi kabisa kumbeba mtoto, ni wakati wa sindano ya steroidi ndani ya ala. Inaogopwa bila sababu. Kwa kawaida ni triamsinoloni au methiliprednisoloni, miligramu 10 hadi 40, pamoja na lidokaini kidogo ya kutia ganzi, jumla ya mililita 1 au zaidi kidogo. Sindano hulazwa sambamba na kano, na dawa huingia kwa wepesi. Ikigoma, ncha iko ndani ya kano yenyewe na lazima irudishwe nyuma kidogo. Kusukuma kwa nguvu hapo ndiko huharibu kano. Siku moja au mbili za mwanzo maumivu yaweza kuzidi, kisha nafuu huja ndani ya wiki moja au mbili, na wengi hawahitaji ya pili. Mtoto haachishwi ziwa. Wapo wachache ambao maziwa yamepungua kwa siku kadhaa baada ya steroidi, kwa hiyo anyonyeshe mara kwa mara. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku chache.

Mgonjwa aambiwe pia habari ya ngozi. Dawa ikivuja chini ya ngozi, hapo panaweza kuwa peupe na pembamba, doa linaloonekana wazi kwa mtu mweusi na linaloweza kukaa miezi mingi kabla ya kurudi. Triamsinoloni huelekea zaidi kuliacha kwa kuwa haiyeyuki upesi. Si hatari, lakini asiyeambiwa hudhani ameambukizwa ugonjwa, na humwogopesha jirani aliyekuwa akija kutibiwa.

Sindano ikishindwa mara mbili, mara nyingi sababu ni maumbile: kwa baadhi ya watu ile kano ya kunyoosha gumba ina kijichumba chake peke yake, kimetengwa na ukuta mwembamba, na dawa haikuingia humo. Altrasaundi hukionyesha, na sindano ya kuongozwa kwa altrasaundi hukifikia. Bila nafuu baada ya miezi mitatu hadi sita, upasuaji mdogo hufungua njia ile kwa ganzi ya mahali, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mpasuaji awe anayejua mambo mawili: kukitafuta kijichumba cha pili, na kuilinda neva ya juujuu inayopita papo hapo, maana ikikatwa huacha maumivu mabaya kuliko yale ya mwanzo.

Mazoezi yaanze maumivu yakiwa yamepungua kwa zaidi ya nusu, si kabla. Wiki ya kwanza ni kugusanisha ncha ya gumba na kila kidole, na kupeleka kifundo upande huu na huu bila uzito, mara 10, mara tatu kwa siku. Wiki inayofuata, mkono uwe mezani kwa ubavu: zuia gumba kwa kidole cha mkono wa pili, lisukume juu bila kusogea, hesabu hadi 10, mara 5. Kisha chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo: kigasha mezani, kifundo kikining'inia ukingoni, gumba juu. Inua chupa kwa kusaidiwa na mkono mwingine, ishushe peke yake polepole kwa hesabu ya 4, mara 10, mafungu mawili au matatu. Mwisho utepe wa mpira kuzunguka gumba na vidole, kutanua na kurudi taratibu. Maumivu yakidumu zaidi ya saa 24 baada ya zoezi, umezidisha. Rudi hatua moja. Kunyoosha kwa kufumbata gumba na kupinda kifundo, kunakosambazwa sana kwenye video, ni kile kipimo kikirudiwa mara ishirini. Huchokonoa kidonda.

Turudi kliniki. Mama mwenye bahati hupona mtoto anapokua na mizunguko ya kunyonyesha inapopungua, lakini kumwambia avumilie mpaka hapo ni kumwachia miezi mingi ya kuogopa kumshika mwanawe, na hofu ya kumdondosha si ndogo. Muuguzi anayempima mtoto uzito anaweza kubonyeza kifupa kile, kumwonyesha namna ya kuchota, na kuandika jina la sapoti sahihi, yote kabla sindano ya chanjo haijaacha kuuma. Kinachohitajika ni mdoli mmoja wa kitambaa uliojazwa mchanga wa kilo 5 pale kwenye benchi la kusubiri, watu wajaribu kwa mikono yao, kwa kuwa maneno peke yake hayabadilishi mkono.

Na asiulizwe mama tu. Dada wa kazi anayeshinda na mtoto, anayefua, anayesonga na kubeba maji, mara nyingi ndiye anayemleta kliniki mwajiri akiwa kazini, na kadi haina hata mstari wa jina lake. Kuna bibi pia, na siku hizi akina baba. Yeyote aliyemtoa mtoto kwenye mizani ndiye aulizwe swali lile, na kama anaumwa, mwajiri au mwenye nyumba aandikiwe kikaratasi kwamba kwa wiki sita kukamua nguo na kubeba ndoo kufanywe na mtu mwingine.

Wataalamu wa fiziotherapia na tiba kazi,
Dar es Salaam